Neno la Mgeni Rasmi

Kitu cha kwanza alichokiona Siwazuri ni nzi.

Nzi mwenyewe hakuwa na ajabu yoyote. Alikuwa nzi wa kawaida wa chekechea, wa aina ile inayokulia kwenye uji uliomwagika, na alikuwa anatembea juu ya mdomo wa mtoto mmoja aitwaye Shani. Alitokea pembe ya kushoto, akafika katikati, akasimama kidogo kama anayewaza, akachungulia puani, akaendelea na safari yake. Shani hakumpunga. Hakukunja hata pua. Alikuwa amekaa mkekani pamoja na wenzake, mikono magotini, macho mbele, na hakuna aliyekuwa amemwambia akae hivyo. Mchezo wa debe wa asubuhi ile ulikuwa bado haujaanza. Debe lenyewe lilikuwa limeegemea ukuta.

Siwazuri alitaka kumwambia mtu. Lakini kumwambia mtu ni kazi ya mdomo, na kazi za mdomo katika familia yao alikuwa nazo Kibibi.

Kibibi alikuwa mdogo wake, mtoto wa miaka mitano mwenye meno machache na maneno mengi. Mama yao alipofariki aliwaachia chumba kimoja, sufuria mbili, na kila mmoja mwenzake. Siwazuri alipika, alifua, alisuka. Kibibi aliongea. Dukani ndiye aliyepanda juu ya gunia la chumvi na kutangaza: "Dada yangu anataka sukari robo, na usimpunje, anaona ila hasemi tu." Jirani akiuliza kwa nini dada yake haitikii salamu, alijibu: "Ameitikia, ila kwa ndani."

Siwazuri aliishia darasa la nne. Hakufukuzwa wala hakufeli. Mwalimu alikuwa na desturi ya kumsimamisha mtoto mbele ya wenzake asome kwa sauti, na sauti ya Siwazuri ilikuwa haitoki. Alisimamishwa leo, akasimamishwa kesho, darasa likawa linasubiri kicheko chake cha kila siku. Asubuhi moja alipita njia ya kuni badala ya njia ya shule, na hakuna aliyekuja kuuliza. Sasa alikuwa msaidizi katika chekechea ya mtaa. Alifuta makamasi, alikoroga uji, alifagia uwanja, na alipiga debe, kwa kuwa debe hupigwa kwa mkono.

Nchi yenyewe iko mbali sana na hapa. Hata ukipanda mabasi mawili hufiki, na ndiyo maana tunaweza kuizungumza bila wasiwasi. Ina mito, ina milima, ina wimbo mzuri, na ina Wizara ya Utulivu, ambayo kazi yake ni kuangalia kama wananchi wametulia, na ikiwakuta hawajatulia, kuwajulisha kwamba wametulia.

Mchezo wa debe ulibuniwa na Mwalimu Maua, aliyekuwa mwalimu pekee wa chekechea ile. Hakuubuni kwa ajili ya nchi. Aliubuni kwa sababu watoto walikuwa wanaumana. Kulikuwa na bembea moja, na kila mtoto aliyeitaka alimng'ata aliyekuwa juu yake. Akawafundisha mchezo wa Jiwe na Maji. Siwazuri akipiga debe, watoto ni maji: wanakimbia, wanazunguka, wanamwagikiana. Debe likinyamaza, wanakuwa mawe: wanachuchumaa, wanakumbatia magoti, wanavuta pumzi taratibu. Hapo Mwalimu Maua alipita kwa kila jiwe, akaligusa bega na kuliuliza, "Jiwe langu, una nini leo?"

Jiwe moja lilisema, "Nina hasira, kanichukulia kifuniko changu."

Jiwe jingine likasema, "Nina njaa." La tatu likasema, "Mimi nina furaha, baba amerudi, ila mama hana furaha."

Wakishasema wote, mwalimu alipaza sauti: "Maji!" na mawe yakayeyuka, yakatiririka tena.

Muda si mrefu yule mtoto aliyekuwa muumaji kuliko wote alianza kumfuata mwalimu kwa hiari yake, mikono amejikumbatia, anasema, "Mwalimu, nisimamishe kabla sijamuuma." Mwalimu Maua alikwenda nyuma ya jengo akalia kidogo kwa furaha. Hilo lilikuwa kosa lake la kwanza. La pili ni kwamba alimsimulia mtu.

Habari zikafika wizarani. Akaja Daktari Hamduni, Mkurugenzi wa Utulivu wa Awali, mtu mwenye tai ndefu na hatua fupi. Aliketi kwenye kiti cha mtoto kwa sababu hakukuwa na kingine, magoti yakamfika kidevuni, akautazama mchezo mwanzo hadi mwisho.

"Mwalimu," akasema, "sehemu hii ya kwanza ni dhahabu tupu. Mtoto ananyamaza bila kupigwa! Tumetafuta kitu hiki tangu uhuru. Sasa hii sehemu ya pili ni ya nini?"

"Ndiyo mchezo wenyewe, mheshimiwa. Kusimama ni kumpa nafasi ajisikilize. Akijisikiliza, akasema alicho nacho, anaweza kujitawala."

Daktari Hamduni alitazama mlangoni kuhakikisha hakuna aliyesikia. "Neno hilo tuliweke kando. Nchi hii tayari ina anayetawala, na hajalalamika kwamba kazi imemzidi. Tuseme kutawalika kwa hiari."

"Sawa, mheshimiwa."

"Halafu huyu mtoto hapa amesema ana njaa."

"Ana njaa kweli."

"Unaona tatizo? Alipokuwa jiwe hakuwa na njaa. Njaa imeingia ulipomuuliza."

Siwazuri alikuwa pembeni na debe lake. Alikumbuka kwamba uji wa siku ile ulikuwa mwepesi, kwa sababu unga wa wizara ulikuwa haujaletwa tangu mvua za kwanza. Kibibi, aliyekuwa ndilo jiwe lenye njaa, aliinua kichwa na kusema, "Njaa ilikuwepo, babu. Ilikuwa inasubiri kuulizwa." Daktari alicheka, akamwandama kwa macho, na hakucheka tena.

Sehemu ya pili ikafutwa kwa waraka.

Ukazaliwa Mpango wa Taifa wa Kutawalika kwa Hiari, na chekechea ya Mwalimu Maua ikateuliwa kuwa ya mfano. Maana yake ni kwamba ukuta wa mbele ulipakwa rangi. Waraka ulieleza kwamba mpango utazinduliwa na Mheshimiwa Waziri mwenyewe, na kwa kuwa uzinduzi lazima uwe na kitu cha kukatwa au kufunuliwa, na mchezo hauna utepe wala pazia, ilikubaliwa kwamba Mgeni Rasmi atalitamka lile neno la kuyeyusha mawe. Watoto watakuwa mawe, Mheshimiwa atasema, mawe yatatiririka, kamera zitapiga. Tangu siku ya waraka neno lile likawa mali ya Mgeni Rasmi. Mtu mwingine hakuruhusiwa kulitamka, lisije likachakaa kabla ya kufunguliwa.

Ilileta usumbufu kidogo. Mbwana, aliyekuwa akipita mtaani na mkokoteni wa madumu, alikatazwa kutangaza biashara yake kama zamani. Akawa anapita akiita, "Kile kitu! Kile kitu cha baridi!" Wanywaji wa pombe za siri wakamkimbilia kutoka kila uchochoro. Polisi nao wakaja, wakafungua dumu, wakaonja, wakasikitika. Mtendaji wa mtaa aliagiza kiitwe kimiminika. Wake kwa waume wakajifunza kusema, "Mwanangu, niletee kimiminika ninawe," na nchi ikaendelea.

Kazi kubwa ilikuwa mazoezi. Daktari Hamduni alieleza kwamba jiwe la taifa haliwezi kuyeyuka kwa sauti yoyote tu. Akawaita akina mama, mmoja baada ya mwingine, wasimame mbele ya watoto wao na kuwaita kwa majina ya kubembeleza. Mtoto aliyegeuza shingo alirudishwa mwanzo. Zikaletwa pipi, zikapitishwa chini ya pua zao. Akaletwa mbwa. Debe lilinyamaza asubuhi na watoto wakabaki mawe mpaka uji ukafanya ngozi.

"Asikilizwe nani?" aliuliza Daktari.

"Mgeni Rasmi!" walijibu watoto.

"Na mama je?"

Kimya.

"Safi kabisa."

Mwisho, na ndizo siku za yule nzi wa Shani, wakabaki mawe wote isipokuwa mmoja. Kibibi alicheka. Alicheka mbwa alipopiga chafya, alicheka tai ya Daktari ilipoingia kwenye uji, na pasipo kitu cha kuchekesha alicheka kwa kuwa hakukuwa na kitu. Daktari alimwita Siwazuri.

"Huyu ni nani wako?"

Siwazuri alitazama miguu yake.

"Ni dada yangu," alijibu Kibibi. "Mimi ndiye mdomo."

"Mwambie dada yako," alisema Daktari Hamduni kwa upole wa kitaalamu, "kwamba mtoto asiyeweza kuwa jiwe hatapokelewa darasa la kwanza. Hatakuwa na sifa. Atakaa nyumbani mpaka atulie, na wengine hawatulii maisha yao yote."

Kibibi alimgeukia dada yake na kumwambia, ingawa alikuwa amesikia. Siwazuri alitaka kitu kimoja tu duniani: Kibibi aende shule, asimame mbele ya darasa, asome kwa sauti mpaka wa nyuma wamsikie. Kitu hicho hakuwahi kumwambia mtu. Alikuwa amekihifadhi tu, kama mtu anavyohifadhi nguo ya sikukuu.

Basi kila jioni, kabla ya kuwasha moto, Kibibi alichuchumaa mlangoni na kusema, "Dada, nichekeshe." Siwazuri alikunja uso, alipanua mashavu, alijifanya mbuzi. Kibibi aliangua kicheko mpaka akalala chini. Kesho yake tena. Ikafika siku moja, Siwazuri alipojifanya mbuzi, Kibibi hakucheka. Alimtazama dada yake kama mtu anavyotazama ukuta.

"Nimeweza," alisema baadaye kwa sauti ndogo.

Siwazuri akampa kipande kikubwa cha muhogo. Alijaribu kufurahi. Alitafuta furaha mahali ilipokuwa ikikaa, hakuikuta, akawasha moto.

Siku ya uzinduzi yakafungwa maturubai, viti vikavishwa nguo, na mbele yakawekwa maua ya plastiki ambayo mtendaji aliyanyunyizia kimiminika ili yang'ae. Watoto walivikwa sare mpya zenye neno UTULIVU kifuani. Ili Mheshimiwa asije akafika na kuwakuta bado maji, Daktari Hamduni aliagiza wawe mawe mapema. Siwazuri alipiga debe kidogo, kisha akalinyamazisha. Watoto wakachuchumaa, wakakumbatia magoti. Kibibi alikuwa mstari wa mbele, upande wa maua.

Mgeni Rasmi alichelewa, kama inavyompasa mgeni rasmi. Anayefika kwa wakati huonekana hana kazi. Kikundi cha ngoma kilicheza, kikachoka, kikacheza tena. Kivuli cha turubai kilihama, kikawaacha watoto juani, kikawafuata wageni. Mshereheshaji alitangaza kwamba Mheshimiwa yuko njiani. Baadaye alitangaza kwamba njia nayo iko njiani, inatengenezwa. Jua lilipoanza kuinama likafika gari moja, na ndani yake alikuwemo Katibu Mwambata, aliyetumwa kumwakilisha.

Aliisoma hotuba kwa niaba. "Ndugu wananchi, itifaki imezingatiwa. Mtoto aliyetulia ni mzazi aliyetulia, na mzazi aliyetulia ni kura, samahani, ni nguzo ya taifa." Akaendelea kusoma kila kilichoandikwa bila kuruka kitu, kwa kuwa alikuwa mtu mwaminifu. "Hapa Mgeni Rasmi atatamka neno, kisha atasubiri makofi."

Akasubiri makofi. Yakapigwa.

Katibu Mwambata alikunja karatasi. Watoto walikuwa bado mawe. Mwalimu Maua alimsogelea Daktari Hamduni na kumnong'oneza, naye akamnong'oneza Katibu, Katibu akatikisa kichwa. "Nimepewa hotuba," alisema. "Neno sikupewa. Neno ni la Mheshimiwa." Wakaondoka kwa mpangilio wa vyeo, wa chini wakisubiri vumbi la wa juu litulie.

Wakabaki wazazi. Mama Shani, aliyekuwa akiuza maandazi kituoni na ambaye hakujua kunong'ona, alimfikia binti yake akamshika mabega.

"Shani, inuka mama, twende nyumbani. Wameshakwenda hao." Shani hakuinuka. "Maji, mwanangu! Maji! Si hilo? Haya, nimelisema!"

"Mama Shani," alisema mtendaji, "umetamka neno la Mheshimiwa mbele ya mashahidi."

"Nitamtamka na yeye mwenyewe, na bibi aliyemlea!"

Alilitamka tena, kwa sauti ya kituoni. Wazazi wengine wakaogopa, kisha wakasahau kuogopa, wakalitamka wote. Uwanja mzima ulikuwa unapiga kelele za maji kama kuna moto. Watoto hawakutikisika. Walikuwa wamefundishwa vizuri.

"Waulizwe wana nini," Mwalimu Maua alimwambia Daktari kwenye simu ya ofisi ya mtaa. "Mchezo ulikatwa nusu. Mtoto hawezi kutoka kabla hajaulizwa. Naomba ruhusa niwaulize."

"Sehemu ya pili ilifutwa kwa waraka, mwalimu," alijibu Daktari Hamduni. "Na waraka utabaki na nguvu gani kisheria kama kila mtu atauliza watoto wana nini?"

Kabla hajawafikia watoto, Mwalimu Maua alipandishwa cheo. Lilikuja gari la wizara kumpandisha. Alipelekwa kuwa Mratibu wa Michezo katika kituo kilichokuwa hakijajengwa, katika wilaya iliyokuwa bado inapimwa, na kwa barua ya pongezi alikatazwa kuonekana mtaani pale.

Siwazuri akabaki na watoto.

Aliwalisha kwa kijiko. Uji ukiwekwa mdomoni waliumeza, na hiyo ikaandikwa kwamba hamu ya kula ni nzuri. Aliwafuta nyuso, aliwageuza jua likizidi upande mmoja, alifagia katikati yao. Wazazi walikuja jioni, wakajaribu kuwabeba, wakashindwa. Jiwe dogo lina uzito wake. Wakawa wanawaletea shuka. Usiku Siwazuri alilala mkekani nyuma ya Kibibi, mgongo kwa mgongo, na asubuhi aliamka akafagia.

Hakulia. Alishangaa mwanzoni kwamba halii, kisha akaacha kushangaa. Watu walipomuuliza kitu aliangalia chini. Dukani hakwenda tena, kwa kuwa hakukuwa na mtu wa kusema robo. Alikula makoko ya uji. Ilikuwa kana kwamba mtu amemfunika kwa turubai kutoka kichwani hadi miguuni, na humo ndani hapakuwa na joto wala baridi.

Wizara, kwa upande wake, ilifurahi. Ripoti ya kwanza ilisema kwamba katika chekechea ya mfano ugomvi umekwisha, kilio kimekwisha, maombi ya chakula yamekwisha, na ustawi wa watoto umefikia kiwango ambacho hakina nafasi ya kupanda tena. Chekechea nyingine ziliambiwa zijifunze. Walimu waliletwa kwa mabasi, wakazunguka kati ya mawe wakinong'ona kama wako makaburini, wakapiga picha. Wizara ya Kazi iliandika kuuliza kama mchezo unafaa kwa wafanyakazi wa reli. Mvua ziliponyesha, wizara ilileta miavuli yenye picha ya Mheshimiwa akitabasamu, mmoja kwa kila mtoto, na kutoka mbali ilionekana kama Mheshimiwa amejaa uwanja mzima na anafurahi kunyeshewa.

Kisha Mheshimiwa akatenguliwa. Ilitangazwa redioni mchana kati ya nyimbo mbili.

Mama Shani alikimbia hadi ofisi ya mtaa. "Basi neno sasa ni la nani?"

Swali likawa zito. Waziri mpya alisema hawezi kutamka neno la mtangulizi wake kabla ya makabidhiano. Waziri aliyetenguliwa alisema ofisi wamechukua, gari wamechukua, neno watamwachia. Ikaundwa kamati. Kamati ilizuru nchi tatu zenye bahari na kurudi na pendekezo kwamba, wakati mashauriano yakiendelea, neno likaimishwe. Likateuliwa Kaimu Neno. Vipaza sauti vikafungwa juu ya chekechea, na Daktari Hamduni mwenyewe akasoma: "Kimiminika!"

Hakuna kilichotokea, isipokuwa kunguru aliyeruka kutoka juu ya mwavuli.

"Kimiminika," alirudia, taratibu zaidi.

Siwazuri alikuwa amesimama karibu na Kibibi. Alimwona akivuta pumzi. Aliona kwamba pumzi zimekuwa fupi, za juu juu, kama za mtu anayeomba radhi kwa kutumia hewa. Mashavu yalikuwa yamebonyea. Akajua, kwa namna mtu anavyojua uji umeungua kabla ya kunusa, kwamba Kibibi hawezi kukaa hivi siku nyingi tena. Alijua na turubai halikuondoka. Akamfuta pua.

Waziri mpya alipokamilisha makabidhiano hakuja kutamka. Alikuwa ameshauriwa kwamba watoto walivyo ni mafanikio, na mafanikio hayaguswi. Alikuja na wageni kutoka nchi rafiki waliotaka kununua mchezo. Viti vikavishwa nguo tena. Safari hii alifika mapema, akiwa bado hajazoea kazi, akapita akisalimu watu waliopangwa mstari: Daktari Hamduni, mtendaji, wazazi, na mwisho kabisa msaidizi na debe lake.

Sasa katika nchi ile, kama ilivyo kwetu, habari huwa nzuri. Mtu aliyeunguliwa nyumba akiulizwa habari husema nzuri, ndipo aseme ila nyumba imeungua. Msibani husema nzuri, ila tumefiwa. Nzuri hutangulia, na viongozi wana haraka. Ile "ila" huwakuta wameshafika kwa mtu anayefuata.

"Habari za hapa?" aliuliza Waziri.

"Nzuri, mheshimiwa," alisema Daktari Hamduni.

"Habari za hapa?"

"Nzuri," alisema mtendaji.

"Nzuri, ila..." alisema Mama Shani, na Waziri alikuwa ameshampita.

Akafika kwa Siwazuri, akampa mkono. Wageni walikuwa wamesimama nyuma yake. Baada yake hapakuwa na mtu mwingine wa kusalimiwa, kwa hiyo Waziri hakuwa na pa kwenda.

"Habari za hapa, binti?"

Siwazuri aliangalia upande wa maua ya plastiki, alikochuchumaa mdomo wake. Mdomo ule haukusema kitu. Akasubiri, kama alivyozoea kusubiri. Waziri naye akasubiri, mkono wa Siwazuri mkononi mwake, tabasamu likaanza kumchosha. Wazazi waligeuka kutazama. Lilikuwa darasa la nne lilelile, limekaa vilevile, linasubiri.

"Mbaya," alisema Siwazuri.

Ilitoka ndogo, kavu, kama kijiti kinachovunjika.

"Amesemaje?" aliuliza Waziri.

"Anasema nzuri, mheshimiwa," alidakia Daktari Hamduni. "Ni mtu wa aibu sana, hakumaliza shule. Wana namna yao ya kuitamka."

"Aaa!" alisema Waziri, akafarijika. "Nzuri! Tumpigie makofi."

Mshereheshaji aliinua mikono na makofi yakaanza. Siwazuri alihisi sauti yake ikirudi ilikotoka, na turubai likishuka juu yake taratibu, na lilikuwa zito, na lilikuwa zuri, na angeweza kukaa humo milele.

Ndipo sauti ikatoka chini, karibu na maua. Ilikuwa imekwaruza kama mlango wa siku nyingi.

"Dada," ilisema. "Hawajakusikia."

Makofi yakapungua, mkono mmoja baada ya mwingine. Kibibi alikuwa ameinua kichwa. Shingo ilimtetemeka kwa uzito wake, midomo imepasuka, na macho, yale macho ya ukuta, yalikuwa yanamtazama dada yake kwa mshangao mkubwa, kama amemwona mbuzi anasoma gazeti.

"Nyamazisha huyo!" Daktari alimgeukia Siwazuri. "Piga debe, uliache! Haraka, arudi!"

"Sema kwa nguvu," alisema Kibibi. "Mimi koo linauma."

Siwazuri aliweka debe chini. Aliunyofoa mkono wake kutoka mkononi mwa Waziri, akaufuta kwenye kanga, akawatazama wote mmoja mmoja, wageni, wazazi, mawe yaliyochuchumaa chini ya miavuli. Kisha akasema kwa sauti iliyovuka maturubai, ikavuka ukuta uliopakwa rangi, ikamfikia Mbwana barabarani na mkokoteni wake:

"Mbaya! Habari za hapa ni mbaya, mheshimiwa. Watoto wana njaa, wanaogopa, na mimi nina hasira."